Ada Iliyopokelewa si Mapato: Somo kwa Vyama Vinavyotaka Kuanzisha Shule ya Lugha

Katika wilaya zilizo chini ya Mlima Kilimanjaro na Mlima Meru, wazo la kuanzisha shule ya lugha huja kwa urahisi. Chama cha msingi kina jengo ambalo hujaa magunia ya kahawa wakati wa msimu na kubaki tupu miezi mingine. Watoto wa wanachama wamemaliza kidato cha sita au chuo cha ualimu na hawajapata kazi. Vijana wanaopanda mlima na wageni wanataka kujua Kijerumani au Kifaransa, ili watoke katika ubebaji mizigo wawe waongozaji. Wageni waliokuja kufanya kazi hospitalini, shuleni na katika miradi wanataka kujua Kiswahili. Mwalimu yupo, mwanafunzi yupo, na chumba kipo.

Wazo hilo ni jema, na ushirika unafaa kulibeba. Lakini shule ya lugha ina tabia moja ambayo mkulima wa kahawa hakuizoea. Mkulima hupeleka kahawa yake kwanza, kisha hungoja malipo. Shule hupokea malipo kwanza, kisha hudaiwa kazi. Kwa maneno mengine, mkulima hukopesha, na shule hukopa. Chama kisichofahamu tofauti hiyo kitaona sanduku limejaa siku ya kufungua muhula, na kitadhani kimetajirika, ilhali siku hiyo ndiyo siku ambayo deni lake ni kubwa kuliko siku nyingine zote.

Somo hili linaeleza jinsi shule ya namna hiyo inavyoweza kuanzishwa, na hasa jinsi ya kuilinda fedha ya ada mpaka iwe mali halali ya chama.

1. KITU KINACHOUZWA

Shule za lugha za kibiashara si jambo la jana. Mwaka 1878 Maximilian Berlitz, mhamiaji kutoka Ujerumani, alifungua shule yake ya kwanza huko Providence, Rhode Island, nchini Marekani. Husimuliwa kwamba aliajiri msaidizi Mfaransa asiyejua Kiingereza, kisha yeye mwenyewe akaugua. Aliporudi darasani majuma machache baadaye, alikuta wanafunzi wanaongea Kifaransa, kwa kuwa mwalimu wao hakuwa na njia nyingine ila kuonyesha vitu kwa kidole na kuvitaja kwa lugha yake. Kutokana na hayo Berlitz alitunga vitabu vya masomo vilivyowezesha shule nyingi, katika nchi nyingi, kufundisha kwa namna moja.

Mambo mawili yafaa yazingatiwe hapo. La kwanza, kinachouzwa si kitabu wala sarufi. Leo hii mwenye simu anaweza kupata maneno na mazoezi bila kulipa chochote. Mwanafunzi anayelipa ada hununua saa za mwalimu: kusemezana, kusahihishwa, na kulazimika kuhudhuria pamoja na wenzake. La pili, mpango wa masomo uwe mali ya shule na si siri ya mwalimu mmoja. Shule ambayo masomo yake yote yamo kichwani mwa mtu mmoja itafungwa siku mtu huyo atakapoondoka.

2. SOKO LIPIMWE KABLA YA KUNUNUA MADAWATI

Heshima ya Kiswahili imepanda sana. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikikubali kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikifanya kuwa lugha yake ya kazi. Hayo ni mambo ya fahari; hata hivyo, sifa ya lugha si orodha ya wanafunzi. Hakuna tangazo la mkutano wa wakuu wa nchi linalomleta mwanafunzi mlangoni mwa chama.

Yafaa pia wanachama wakumbuke kwamba shule za lugha zilizojulikana sana nchini hazikuanza zikiwa biashara tupu. Shule ya Makoko, Musoma, iliwekwa na wamisionari wa Maryknoll. Kituo cha Usa River, Arusha, kiliwekwa na Wadenmark kwa ajili ya watumishi wao wa kujitolea. TAKILUKI ya Zanzibar ilikuwa taasisi ya Serikali, na baadaye ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Nyuma ya kila moja palikuwa na kanisa, nchi rafiki au Serikali. Chama kidogo hakina mgongo wa namna hiyo. Mgongo wake ni hisa za wanachama na ada ya mwanafunzi.

Kwa hiyo upimaji wa soko ufanywe kwa majina na si kwa makisio. Wanachama waandike orodha ya watu walio tayari kujiandikisha, lugha wanayoitaka, saa wanazoweza kuhudhuria, na kiasi wanachoweza kulipa. Mbeba mizigo hayupo nyumbani anapokuwa mlimani, na msimu wa wageni ukichangamka darasa lake hupungua. Mgeni anayejifunza Kiswahili hutaka masomo ya asubuhi kwa majuma machache, kisha huanza kazi yake. Karani na muuza duka hutaka masomo ya jioni. Makundi hayo matatu hayawezi kuwekwa katika ratiba moja.

3. WENYE SHULE NI NANI

Ziko njia mbili. Njia ya kwanza ni chama cha msingi kilichopo kuifanya shule kuwa mradi wake, ikiwa masharti yake yanaruhusu na Mkutano Mkuu umekubali. Njia ya pili ni walimu wenyewe kuunda chama chao. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inaruhusu chama cha watu wenye ujuzi maalumu kuanzishwa na watu 10 au zaidi, na maombi hupelekwa kwa Mrajis kupitia kwa afisa ushirika wa wilaya.

Njia ya pili ina faida kubwa. Mtaji mkubwa wa shule ya lugha ni mwalimu, na mtaji huo una miguu. Katika shule ya mtu binafsi, mwalimu hodari aliyechoshwa na malipo madogo huondoka na wanafunzi wake na kufundisha sebuleni kwake. Katika chama cha walimu, mwalimu huyo ni mwenye mali. Akiondoka anaacha hisa yake, na akibaki anapata sehemu yake ya ziada.

Lakini njia hiyo ina hatari yake pia. Wanachama ndio wanaolipwa, na wao ndio wanaopiga kura juu ya malipo. Wanapoona sanduku limejaa mwanzoni mwa muhula, ni rahisi kupandisha malipo ya saa kwa kura moja. Kwa sababu hiyo masharti ya chama yaseme wazi kwamba kiwango cha malipo ya saa hupangwa na Mkutano Mkuu mara moja kwa mwaka, pamoja na makisio ya mapato na matumizi, na hakibadilishwi katikati ya muhula.

4. HESABU YA MUHULA MMOJA

Na uchukuliwe mfano wa chama cha walimu 12. Kila mmoja amelipa hisa za Sh. 500,000, jumla Sh. 6,000,000, na fedha zote zimenunua meza, viti, mbao za kuandikia na vifaa vya ofisi. Shule ina madarasa manne, kila darasa wanafunzi 15. Muhula ni majuma 12. Kila darasa hukutana siku tatu kwa juma, saa mbili kila siku. Yaani saa 72 kwa muhula. Ada ni Sh. 216,000 kwa mwanafunzi, sawa na Sh. 3,000 kwa saa, na hulipwa yote siku ya kujiandikisha. Walimu ni waajiriwa wa chama na hulipwa Sh. 15,000 kwa saa.

Mapato ya muhula:
Ada, wanafunzi 60 × Sh. 216,000 = Sh. 12,960,000

Matumizi ya muhula:
Malipo ya walimu, saa 288 × Sh. 15,000 = Sh. 4,320,000
Karani na mlinzi, miezi 3 × Sh. 650,000 = Sh. 1,950,000
Mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10 = Sh. 627,000
Kodi ya nyumba, miezi 3 × Sh. 300,000 = Sh. 900,000
Umeme, maji, simu na usafi = Sh. 750,000
Vitabu na karatasi, Sh. 12,000 × 60 = Sh. 720,000
Leseni na matangazo = Sh. 450,000
Uchakavu wa samani = Sh. 300,000
Jumla = Sh. 10,017,000

Ziada ni Sh. 2,943,000. Hesabu hiyo inapendeza, lakini hapana budi iulizwe maswali mawili.

Swali la kwanza: ni wanafunzi wangapi wanaotosha kuzuia hasara? Ukiondoa vitabu, matumizi yaliyobaki ni Sh. 9,297,000, na hayapungui hata wanafunzi wakipungua. Kila mwanafunzi, baada ya kutolewa vitabu vyake, huchangia Sh. 204,000. Kwa hiyo wanatakiwa wanafunzi 46. Wakiwa 45 shule imekula hasara. Faida yote ya shule hii imo katika viti 14 vya mwisho.

Swali la pili: darasa dogo lifunguliwe au lifungwe? Mwalimu wa darasa moja, pamoja na mchango wake wa NSSF, hugharimu Sh. 1,188,000 kwa muhula. Wanafunzi sita huchangia Sh. 1,224,000, wanafunzi watano huchangia Sh. 1,020,000. Darasa lenye chini ya wanafunzi sita haliwezi hata kumlipa mwalimu wake, sembuse kodi ya nyumba. Kiasi hicho kiandikwe katika kanuni za shule kabla ya muhula, ili Bodi isije ikafungua darasa kwa sababu tu mwalimu wake ni mjumbe wa Bodi.

5. TUNDU LISILOONEKANA

Sasa liangaliwe jambo lenyewe la somo hili. Siku ya kwanza ya muhula sanduku la chama hicho lina Sh. 12,960,000. Je, chama kina mapato kiasi gani siku hiyo? Jibu ni kwamba hakina hata senti moja. Hakijafundisha saa hata moja. Fedha zote ni deni kwa wanafunzi 60. Baada ya majuma manne, thuluthi moja ya masomo imefundishwa, na mapato halali ni Sh. 4,320,000, Sh. 8,640,000 zingali deni.

Tuseme kwamba katika juma la pili Bodi, kwa nia njema kabisa, inanunua kompyuta za Sh. 5,000,000 ili shule ipendeze. Zinabaki Sh. 7,960,000 za kuendesha muhula. Lakini matumizi ya fedha taslimu ya muhula, yaani jumla ya matumizi bila uchakavu, ni Sh. 9,717,000. Zimepungua Sh. 1,757,000, na kufikia juma la kumi sanduku litakuwa tupu. Nani atawalipa walimu majuma yaliyobaki? Aghalabu jibu huwa ni wanafunzi wa muhula ujao, ambao huombwa wajiandikishe mapema kwa punguzo la bei.

Muhula wa pili wanakuja wanafunzi 50, na idadi hiyo si mbaya, kwa kuwa inazidi wale 46. Wanalipa Sh. 10,800,000. Baada ya kuziba tundu la muhula wa kwanza, zinabaki Sh. 9,043,000. Matumizi ya fedha taslimu kwa wanafunzi 50 ni Sh. 9,597,000. Zimepungua tena Sh. 554,000, na mwalimu mmoja au wawili hawatapata malipo yao kamili ya mwisho wa muhula.

Jambo la kushangaza ni hili: katika mihula yote miwili hesabu ya mapato na matumizi inaonyesha ziada. Hata ukitoa uchakavu wa kompyuta, Sh. 250,000 kwa muhula, muhula wa kwanza una ziada ya Sh. 2,693,000 na wa pili Sh. 653,000. Mwenyekiti atasimama katika Mkutano Mkuu na kutangaza faida, na mwalimu aliyeketi mbele yake hajalipwa. Wote wawili watakuwa wanasema kweli. Hapo ndipo watu huanza kumshuku mtunza fedha kuwa ni mwizi, hali hakuna aliyeiba. Kilichotokea ni kwamba fedha ya kazi ambayo haijafanywa ilitumika kana kwamba kazi imekwisha kufanywa.

6. YALIYOTOKEA JAPANI MWAKA 2007

Asije mtu akadhani kwamba tundu hilo ni la vyama vidogo tu. Nchini Japani kampuni iitwayo NOVA ilianza kazi mjini Osaka mwaka 1981, ikakua hadi kuwa kubwa kuliko shule zote za mazungumzo ya Kiingereza nchini humo. Ilikuwa na mamia ya matawi, walimu wa kigeni wa maelfu, na wanafunzi wa mamia ya maelfu.

Wanafunzi wake walinunua masomo kwa wingi kabla ya kuyahudhuria, na aliyenunua mengi aliuziwa kila somo kwa bei ndogo. Lakini aliyeacha njiani, masomo aliyokwisha hudhuria yalihesabiwa upya kwa bei kubwa, na marejesho yake yakawa kidogo. Mwezi Aprili 2007 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba hesabu ya namna hiyo haikubaliki kisheria. Mwezi Juni mwaka huo wizara inayosimamia uchumi na biashara iliizuia kampuni kufanya mikataba mipya ya muda mrefu kwa miezi sita, kwa kuwa ilikuwa imewaeleza wateja mambo yasiyo sahihi juu ya mikataba yao.

Fedha mpya zikakatika, na watu waliotaka kurudishiwa ada wakaongezeka. Mishahara ikaanza kuchelewa. Baadhi ya walimu walitakiwa kuhama nyumba, kwa sababu kodi iliyokatwa katika mishahara yao haikuwafikia wenye nyumba. Tarehe 26 Oktoba 2007 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama mjini Osaka, ikiwa na madeni ya zaidi ya yeni bilioni 40. Wanafunzi wengi hawakuziona tena ada zao.

Shule hiyo haikukosa wanafunzi wala walimu. Ilikosa fedha ambazo wanafunzi walikwisha ilipa.

7. DAWA YAKE

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa ya tundu hili ni daftari na nidhamu, na chama chochote chenye karani anayejua kujumlisha na kutoa kinaweza kuitumia.

Kwanza, chama kiwe na akaunti mbili benki. Ada zote, bila kubakiza, ziingie katika akaunti ya ada. Kila mwisho wa juma, baada ya mratibu wa masomo kuthibitisha kwa sahihi yake kwamba masomo yamefundishwa, sehemu ya juma hilo ihamishwe kwenda akaunti ya matumizi. Katika mfano uliotolewa, sehemu hiyo ni Sh. 12,960,000 gawanya kwa 12, yaani Sh. 1,080,000. Fedha iliyo katika akaunti ya matumizi ndiyo pekee ambayo Bodi ina haki ya kuipangia kazi. Juma ambalo somo halikufundishwa, fedha zake zisihamishwe mpaka somo hilo lifidiwe.

Pili, liwepo daftari la ada. Kila mwanafunzi awe na mstari wake: jina, namba ya stakabadhi, kiasi alicholipa, saa alizonunua, saa zilizokwisha fundishwa, na kiasi anachodai. Jumla ya safu ya mwisho lazima ilingane na salio la akaunti ya ada. Ikiwa benki ina fedha pungufu kuliko daftari, chama kimekula fedha ya wanafunzi, hata kama kila shilingi ina stakabadhi. Mjumbe wa kamati ya usimamizi anaweza kufanya ulinganisho huo kwa nusu saa, na aufanye kila mwezi. Katika mizania ya mwisho wa mwaka salio hilo liandikwe upande wa madeni, na mkaguzi wa COASCO au mwingine aliyeidhinishwa aonyeshwe daftari lenyewe.

Tatu, hisa zitoshe. Kosa la mfano uliotolewa lilianza kabla ya kompyuta. Hisa zote ziliishia katika samani, na mambo yanayolipwa mwanzoni mwa muhula, yaani kodi, vitabu, leseni na matangazo, yakaachiwa ada. Mambo hayo ni Sh. 2,070,000. Kama kila mwanachama angelipa hisa za Sh. 675,000 badala ya Sh. 500,000, chama kingekuwa na Sh. 8,100,000, samani zingenunuliwa, na muhula ungeanza bila kugusa fedha ya mwanafunzi. Mwanachama asiyeweza kulipa kwa mkupuo alipe kidogo kidogo kabla ya shule kufunguliwa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kijazwe kabla ya kupika.

Nne, kompyuta na vitu vingine vya kudumu vinunuliwe kutokana na ziada iliyokwisha kaguliwa, baada ya kutenga sehemu ya akiba inayotakiwa na sheria, au kutokana na hisa mpya. Visinunuliwe kamwe kutokana na ada ya muhula unaoendelea.

Tano, kanuni ya marejesho ichapwe nyuma ya stakabadhi. Masomo yaliyohudhuriwa yahesabiwe kwa bei ileile iliyolipwa. Mwanafunzi aliyelipa Sh. 216,000 na kuacha baada ya majuma manne amepata saa 24, sawa na Sh. 72,000, anadai Sh. 144,000. Chama kinaweza kukata gharama ya vitabu na kudai taarifa ya majuma mawili, mradi mwanafunzi aliyajua hayo kabla ya kulipa. Chama chenye akaunti ya ada hakiogopi kurejesha, kwa kuwa fedha ipo.

8. AHADI NA VIBALI

Deni la shule si la fedha tu. Ni la ahadi pia. Tangazo lisemalo kwamba mtu atajua Kijerumani kwa miezi mitatu ni deni lisilolipika. Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka 2001 mizani ya ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, nayo hutumika sasa katika nchi nyingi. Watahini wa Cambridge hukadiria kwamba mwanafunzi wa Kiingereza huhitaji saa 180 hadi 200 za kufundishwa ili afike ngazi ya A2, na saa 350 hadi 400 ili afike B1. Kwa shule ya saa 72 kwa muhula, hiyo ni mihula mitatu kwa ngazi ya A2, na mihula mitano au sita kwa B1. Kiswahili nacho si cha siku mbili: chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hukadiria majuma 36 ya masomo ya kutwa kwa mtumishi wake anayejua Kiingereza. Mwanafunzi aambiwe hivyo siku ya kujiandikisha. Aliyeambiwa ukweli hurudi muhula wa pili. Aliyedanganywa huondoka na wenzake watatu.

Kuhusu vibali, chama kiwe na namba ya mlipakodi na leseni ya biashara, na kiulize kwa maandishi katika ofisi ya elimu ya halmashauri ni usajili gani unaotakiwa kwa masomo kinayokusudia kutoa, kisha kihifadhi jibu katika jalada. Mwalimu wa kigeni, hata akijitolea, asiingie darasani kabla ya kupata kibali cha kazi na cha ukaazi, kama inavyotakiwa na sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015. Mgeni anayekuja kujifunza Kiswahili aelekezwe Idara ya Uhamiaji. Shule isimwahidi kibali ambacho si yake kutoa. Walimu wa Kiswahili kwa wageni wawasiliane na Baraza la Kiswahili la Taifa, kwa kuwa kujua kukisema Kiswahili tangu utoto si sawa na kujua kukifundisha.

Shule ya lugha inayoendeshwa hivyo haitakuwa na vitu vya kung'aa mwaka wa kwanza. Lakini mwalimu wake atalipwa juma la kumi na mbili kama alivyolipwa juma la kwanza, na mwanafunzi atapata kila saa aliyoinunua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WA WANACHAMA

1. Kwa nini inasemwa kwamba mkulima hukopesha na shule hukopa? Taja biashara nyingine mbili za wilaya yenu zinazopokea malipo kabla ya kazi.

2. Shule ina wanafunzi 48 kwa ada na matumizi yaliyo katika mfano. Ziada yake ni kiasi gani? Itakuwaje wanafunzi watatu wakiacha baada ya juma la pili na kurejeshewa ada yao?

3. Mwisho wa juma la tano, wanafunzi 60 wakiwa wamelipa, akaunti ya ada inapaswa kuwa na kiasi gani? Benki ikionyesha Sh. 6,000,000, kamati ya usimamizi ichukue hatua gani?

4. Wanachama 12 ndio walimu, na ndio wapiga kura. Pendekezeni kifungu kimoja cha masharti kitakachozuia ada isigawanywe kabla ya masomo kufundishwa.

5. Jengo la chama chenu liko tupu miezi mingapi kwa mwaka? Je, miezi hiyo inalingana na miezi ambayo wanafunzi mnaowatarajia wana nafasi ya kusoma?